Machozi ya Jizo wa Nishihama

Kila asubuhi ya likizo ya kiangazi, jua likiwa bado halijaanza kuuma, watoto wa mtaa wa Nishihama hukusanyika uwanjani nyuma ya ghala la samaki kufanya mazoezi ya viungo. Redio huwekwa juu ya kreti, sauti ya mwanamume mchangamfu huhesabu moja, mbili, tatu, na watoto hunyosha mikono na kuishusha, nusu yao wangali na usingizi machoni. Wakimaliza hugongewa mhuri kwenye kadi zao, kisha kila mmoja hukimbilia kwao kula wali na supu.

Mwaka huo aliyeshika mhuri alikuwa Chizuru. Alikuwa darasa la sita, na mtaa mzima haukuwa na mtoto mwingine wa darasa hilo. Bibi yake, Bibi Fusae, alipenda kusimulia kwamba zamani watoto wa Nishihama walikuwa wengi kama dagaa wavuni, hata kuwa mkuu wa watoto ilikuwa kazi ya kugombaniwa. Siku hizi nyumba nyingi zilikuwa zimefungwa madirisha, wenyewe wamehamia mijini. Chizuru akawa mkuu bila ya kugombana na mtu. Hata hivyo ukuu ulimkaa vizuri sana, pengine kupita kiasi.

"Simameni mstari! Wewe Kohei, mhuri ni wa walioruka, si wa waliosimama wakijikuna tumbo."

"Dada Chizuru, mimi nimeruka kwa ndani," alijibu Kohei, kijana wa darasa la tatu ambaye hakukosa neno hata siku moja.

"Basi na mhuri wako nimeugonga kwa ndani. Mwingine!"

Watoto walicheka. Lakini asubuhi hiyo hakuna aliyekimbilia nyumbani, kwa sababu ilikuwa siku ya kumwosha Jizo.

Jizo ndiye mlinzi wa watoto katika dini ya Kibudha. Yule wa Nishihama ni sanamu ya jiwe, mrefu kama mtoto anayeanza kukaa, kichwa kipara, na mwaka mzima hukaa katika kibanda cha mbao kwenye kona ya mtaa. Mwishoni mwa Agosti watoto humteremsha baharini kwa toroli. Humsugua rangi ya mwaka uliopita, humsuuza kwa maji ya kisima, humwanika juani mpaka akauke kabisa, kisha humpaka uso mpya: weupe usoni, wekundu midomoni, na kanzu ya rangi yoyote wanayoipenda wao. Watu wazima hawagusi brashi. Ndipo huanza siku mbili za sikukuu ya watoto, na mtaa wote huwa wao. Kwa kusuguliwa miaka na miaka, pua na macho ya jiwe yalikuwa yamekwisha. Uso wa Jizo ulikuwa ule tu aliopewa na watoto.

"Hashikwi na mtu mmoja," Bibi Fusae alikuwa amemkumbusha Chizuru usiku uliotangulia. "Na akiwa majini haachwi peke yake hata kidogo. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bibi. Kila mwaka unasema."

"Kila mwaka yeye naye hajui kuogelea."

Walimteremsha hadi kwenye mteremko wa saruji ambako wavuvi huvutia mashua zao. Wadogo wakaanza kugombana nani atamsugua mgongo na nani kichwa, wakirushiana maji, na Chizuru akachoka. Akawatuma wote kisimani na ndoo zao. Akamtuma Kanako, rafiki yake wa darasa la tano, akachukue sugulio waliloliacha kwenye toroli. Kisha, kwa kuwa alikuwa mkuu, na kwa kuwa aliona jiwe lenyewe halina uzito wa kumshinda, akamkumbatia Jizo peke yake na kumsimamisha ukingoni, pale maji yanapoanza na saruji inapoota ute wa kijani.

Wakati huohuo ndara yake moja ikamvuka mguuni. Ilikuwa mpya, ya manjano, na mawimbi yakaanza kuichukua. Chizuru akamwachia Jizo, akainyoshea ndara mkono. Nyuma yake mashua ya ngisi ikapita ikirudi bandarini, na maji yakapanda juu ya mteremko, yakarudi.

Alipogeuka, Jizo alikuwa akiondoka. Hakuanguka kwa kishindo. Aliteleza taratibu, kama mzee anayeingia kwenye maji ya kuoga, uso juu. Kile kichwa kipara kikamtazama Chizuru mara moja, halafu kijani kikakifunika.

Kanako alirudi na sugulio mkononi. Akaangalia mteremko, akaangalia ndara aliyoishika mwenzake.

"Yuko wapi?"

Chizuru alionyesha maji. Upande ule, karibu na kamba ya mashua, bahari ilikuwa na kina kirefu, na chini hapakuonekana kitu.

"Twende tukaseme," Kanako alisema. "Mjomba Isao anajua kuzamia. Twende sasa hivi."

"Tukaseme nini? Kwamba mkuu wa watoto amemwacha Jizo azame kwa sababu ya ndara? Na Bibi Towa je?"

Bibi Towa alikaa katika nyumba inayotazamana na kibanda. Mtoto wake wa kwanza, msichana, alifariki kabla hajajifunza kutembea, na tangu hapo kila mwaka alimshonea Jizo kitambaa chekundu cha kufunga shingoni, kama kile wanachofungwa watoto wakilishwa uji. Siku ya pili ya sikukuu, kabla ya sala ya tasbihi kubwa kuanza, huweka kiganja juu ya kile kichwa kipara na kumnong'oneza maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia. Sasa macho yake yalikuwa yamefifia, akiona mwanga na kivuli tu. Mwanawe mwingine alikuwa anakuja kumchukua akaishi naye Osaka, na sikukuu hii ndiyo ilikuwa ya mwisho kwake. Alikuwa anakuja kuaga.

"Akijua, atakufa kwa huzuni," Chizuru alisema. "Tafuta jiwe. Pale kwenye ukuta wa kuzuia mawimbi mawe ni mengi. Likishapakwa rangi, nani atajua?"

Walipata jiwe jeusi, laini, la ukubwa uleule, limelowa hadi ndani. Lilikuwa baridi kuliko maji lilimotoka. Wakalifunika kwa taulo na kulitia katika toroli. Wadogo waliporudi na ndoo, Chizuru akawafokea kabla hawajauliza.

"Mlikwenda kuteka au kuchimba kisima? Tumeshamaliza. Tunakwenda kupaka rangi."

"Na kumsuuza? Na kumwanika?" aliuliza Kohei.

"Tumeshamaliza, nimesema."

Ndani ya ghala, kwenye giza la kreti na harufu ya samaki, Chizuru alilipaka lile jiwe uso kwa mkono wake mwenyewe. Akachora macho yaliyoinama, kama ilivyo desturi, na midomo midogo yenye tabasamu. Wadogo aliwaachia kanzu tu. Kohei alizunguka akitazama, brashi ya bluu ikimdondokea miguuni.

"Jizo amenenepa," alisema.

"Ni kivuli."

"Na shingo yake imekwenda wapi?"

"Mwaka huu ameinama. Paka rangi, wewe!"

Jioni, mkesha wa sikukuu, taa za karatasi ziliwashwa mtaani. Jiwe likakaa kibandani kati ya tikitimaji, maua na vidonge vya unga wa mchele, na watoto wakapiga ngoma na upatu wakiwaita wapita njia waje kusalimu. Chizuru alipiga ngoma kwa nguvu kuliko wote. Mradi ngoma ilikuwa inalia, hakusikia kitu kingine.

Lakini walipokuwa wanarudi nyumbani, yeye na Kanako, iliwabidi wapite karibu na mteremko. Bahari ilikuwa imetulia kama maji ya beseni. Na chini ya utulivu ule, mahali fulani karibu na kamba ya mashua, kitu kikagonga.

Tok.

Wakasimama. Kikagonga tena, polepole, jiwe kwa saruji, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu na hana haraka ya kufunguliwa.

Tok.

Kanako alimkamata mkono mwenzake, wakakimbia.

Asubuhi ya siku ya kwanza ya sikukuu, wa kwanza kufika kibandani alikuwa Yuzu, mtoto wa shule ya vidudu. Chizuru alimkuta amesimama nje, kidole kinywani.

"Jizo analia," alisema Yuzu.

Na kweli. Kutoka kwenye yale macho yaliyoinama, michirizi miwili ilikuwa imeshuka kupita mashavu, imechukua weupe na weusi, na kwenye kidevu tone lilining'inia. Chizuru alilitazama. Tone lilijaa, likawa zito, likadondoka. Akanyosha kidole akalipangusa jingine lililokuwa linaanza, halafu, bila ya kujua kwa nini, akalionja. Lilikuwa la chumvi.

Alilifuta jiwe haraka na kulipaka upya. Kabla ya saa sita mchana lilikuwa linalia tena. Sasa hata kanzu ililowa, na kibandani kulikuwa na harufu ya mwani. Wino wa macho ulikuwa umetiririka, hata macho yale yaliyochorwa yameinama yakawa kama yamefumbuka.

"Ni joto hili," alisema Mjomba Isao, mpiga mbizi wa konokono wa baharini, akipita na barafu ya sharubati mkononi. "Hata mimi nalia, ila mimi natoka jasho mgongoni ambako hamwoni."

Watu wazima walicheka na kupita. Watoto hawakucheka. Kohei, ambaye siku nyingine angetia utani, alikuwa ananong'ona kwenye kona.

"Babu aliniambia, Jizo akilia ujue kuna mtoto anamwita kutoka majini."

"Mtoto gani?" aliuliza mwenzake.

"Nitajuaje? Nenda ukamwulize."

Hakuna aliyetaka kwenda. Ngoma ikakaa bila mpigaji. Wadogo walikula tikitimaji lao nje, juani, migongo wameipa ukuta ili wasikigeuzie kibanda kisogo. Yuzu alimvuta Chizuru nguo.

"Dada Chizuru, mbona anakutazama wewe tu?"

"Hamtazami mtu. Ni rangi."

"Ulipokuwa huku alitazama huku. Ulipokwenda kule akatazama kule."

Alasiri Bibi Towa alivuka njia akipapasa kwa fimbo, kitambaa chekundu kimekunjwa vizuri mkononi. Mishono yake ilikuwa imepinda, kwa kuwa alishona kwa vidole tu.

"Nani yupo? Chizuru? Haya mwanangu, nisogezee nimfunge."

"Nitamfunga mimi, Bibi Towa! Kuna matone, utachafuka mikono." Maneno yalimtoka yamekanyagana. Akachukua kitambaa, akakizungusha. Kamba zake, zilizokatwa kwa kipimo cha shingo ileile mwaka hadi mwaka, hazikukutana nyuma. Jiwe halikuwa na shingo. Chizuru akavua kamba ya kiatu chake, akaunganisha, akafunga fundo. Vidole vyake vilitoka vimelowa.

"Imekaa?" aliuliza Bibi Towa.

"Imekaa."

"Vizuri. Basi kesho nitamshika kichwa nimuage. Nimekuwa nikijiuliza nitamwambia nini. Unajua, watu husema ni jiwe tu. Lakini kichwa kile kimekaa katika kiganja changu kuliko kichwa cha mwanangu wa kwanza kilivyojaliwa kukaa." Akacheka kidogo na kupapasa njia ya kurudi kwake.

Kanako, aliyekuwa amejificha nyuma ya taa, alikuwa analia.

"Tumwambie."

"Kesho itapita," Chizuru alisema. "Ikishapita, basi."

Jioni hiyo Chizuru alitafuna wali polepole. Bibi Fusae alimtazama kwa ng'ambo ya meza.

"Mbona unautafuna kama mchanga? Umekula barafu nyingi?"

"Hapana." Madirisha yalikuwa wazi kwa ajili ya joto, na kupitia dirishani, kutoka upande wa mteremko, ikaja ile sauti. Tok. Chizuru akaweka bakuli chini. "Bibi, unasikia?"

"Nini?"

"Kugonga."

Bibi Fusae aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa muda. "Nasikia nyenje," alisema. Kisha akamtazama mjukuu wake, akammiminia chai tu. Angeuliza, pengine Chizuru angesema. Lakini bibi yule hakuwa mtu wa kuvuta neno kwa nguvu.

Siku ya pili ukungu ulipanda kutoka baharini ukakaa mtaani. Taa za karatasi zilionekana zimening'inia hewani bila kamba. Mikeka ilitandikwa mbele ya kibanda, na watu wa Nishihama, wakubwa na wadogo, wakaketi duara. Tasbihi kubwa ikatolewa sandukuni, ile ya punje za mbao kama ngumi za watoto, ndefu ya kuzunguka duara lote. Kila mtu hushika sehemu yake, sala ikisomwa huisukuma kwa jirani, na ile punje moja kubwa ikikufikia unainamisha kichwa. Lakini haianzi kusukumwa kabla Bibi Towa hajamshika Jizo kichwa.

Chizuru, kama mkuu wa watoto, ndiye aliyetakiwa kumshika mkono na kumpeleka kwa Jizo. Ule mkono ulikuwa mwepesi na mkavu kama jani. Walipita kati ya mikeka. Jiwe lilikuwa limelia tangu alfajiri. Uso haukuwepo tena, ulikuwa mchirizi mmoja wa kijivu, na midomo peke yake ndiyo iliyobaki, ikitabasamu. Kitambaa chekundu kilidondosha matone kwenye mbao. Nyuma ya ukungu, ingawa hapakuwa na upepo wala wimbi, kile kitu kilikuwa kinagonga. Tok. Tok. Tok. Sasa hakikubisha hodi kwa adabu.

Bibi Towa akainua kiganja. Uso wake ulikuwa umeshaanza kulainika, kama wa mtu anayemwona mtu wake akija kwa mbali.

Chizuru akaona kiganja kikishuka, na akajua kwamba akikiacha kishuke, hakuna siku nyingine itakayokuja ya kukirudisha.

"Bibi Towa, tafadhali usimshike!"

Kiganja kikasimama hewani. Duara lote likageuka.

"Si yeye," Chizuru alisema. "Hili ni jiwe la ukuta wa mawimbi. Jizo yuko baharini. Nilimshika peke yangu, nikamwachia nikimbilie ndara yangu, akateleza. Nikaogopa kusema. Nimewadanganya wote."

Matone yalisikika yakidondoka kwenye mbao. Ndipo Kanako akasimama kwenye mkeka wake. "Tulikuwa wawili kulitafuta jiwe," alisema. "Mimi ndiye niliyeshika taulo."

"Si nilisema amenenepa!" Kohei alipiga kelele. Mama yake akamziba mdomo.

Watu walianza kunong'ona, na baadhi ya minong'ono haikuwa mizuri. Bibi Towa hakunong'ona. Mkono wake aliurudisha kifuani na kuukunja, na kwa muda alionekana mdogo sana. Halafu akauliza, "Aliteleza upande gani?"

"Wa kulia. Penye kamba ya mashua."

"Uso juu au uso chini?"

"Juu. Alinitazama."

"Basi anatungoja," alisema Bibi Towa. "Isao! Uko wapi wewe unayetoka jasho mgongoni?"

Mjomba Isao alikuwa ameshavua shati. Mtaa mzima ulimfuata hadi mteremkoni, tasbihi imeachwa duara tupu juu ya mikeka. Akazama. Ukungu ulilala juu ya maji, na maji yakajifunga juu yake. Akaibuka, akatikisa kichwa, akavuta pumzi, akazama tena, safari hii kwa muda mrefu hata mkewe akaanza kumwita jina. Chizuru alisikiliza. Kugonga kulikuwa kumekoma.

Mkono wa Isao ukatokea, ukidai kamba na wavu. Walivuta wote, wakubwa na watoto, na kwenye wavu Jizo akapanda juu ya ute wa kijani, akiwa safi kabisa, bila ya tone la rangi. Kilichopungua ni kipande kidogo cha jiwe, chini penye pindo la kanzu.

"Alikuwa amesimama," Isao alisema, akihema. "Wima, mchanga umemfika kiunoni, uso ameuelekeza mtaani. Nilidhani ni mtu."

Bibi Towa akasaidiwa kukaa juu ya saruji iliyolowa. Akapapasa, akakipata kile kichwa kipara, na kiganja chake kikajaa. Aliinama akamnong'oneza maneno yake. Chizuru alikuwa karibu zaidi, na kwa mara ya kwanza mtu mwingine akasikia, ingawa ni mwanzo tu: "Umekaa majini sana mwaka huu, mwanangu." Yaliyobaki Chizuru alimwachia mwenyewe, akasogea mbali.

Walimsuuza kwa maji ya kisima, mtu baada ya mtu, wakamfuta. Kwa rangi hapakuwa na muda.

"Mwacheni hivyo," alisema Bibi Towa. "Akae na uso wake." Na tasbihi kubwa ikazunguka mbele ya Jizo asiye na macho wala midomo, na hakuna mtoto hata mmoja aliyemwogopa. Punje kubwa ilipomfikia Chizuru, aliinama mpaka paji la uso likagusa mbao.

Baadaye, watu wakila tikitimaji, Bibi Fusae alilichukua lile jiwe jingine mapajani na kulifuta kwa kitambaa kama mtoto aliyejichafua.

"Mnajua lilikuwa linalia nini? Limeishi baharini miaka yote, limekunywa chumvi. Nanyi mkalipaka rangi halijasuuzwa wala kuanikwa. Chumvi huvuta maji hata hewani, na kwa unyevu huu! Hamjaona figili nikiitia chumvi inavyotoka maji? Mngefuata kazi kama mlivyofundishwa, lingekauka, nasi tusingejua. Mliiba hatua, hatua ikawasema."

"Na kule kugonga?" aliuliza Chizuru kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni mawimbi yanamgongesha kwenye saruji. Lakini Mjomba Isao amesema alikuwa amesimama mchangani. Jiwe lililosimama hivyo haligongi."

Bibi Towa aligeuza uso upande wa sauti yake. "Kugonga gani? Mimi silali, na dirisha langu ndilo la kwanza kutoka mteremkoni. Sikusikia kitu."

Chizuru na Kanako wakatazamana. Watoto wengine nao walikuwa wakitikisa vichwa. Hakuna aliyesikia.

"Hodi hiyo basi ilikuwa ya kwenu wawili," alisema Bibi Towa. "Nisikilizeni, na ninyi wadogo pia. Jizo alipoteleza, kosa lilikuwa dogo. Mngekuja kunigongea siku ileile, ningehuzunika, Isao angezamia, na tungekuwa tumeshasahau. Mlipoficha, kosa halikubaki palepale. Likawafikia hawa watoto, wakaogopa mlinzi wao wenyewe. Nusura linifikie mimi, niondoke Nishihama nimeaga jiwe la watu. Mlisema mnanionea huruma. Huruma gani ya kumpa kipofu kitu cha uongo mkononi? Ukiharibu kitu, sema. Sema mapema, kwa mdomo wako, kabla hakijaanza kukugongea. Leo Chizuru umechelewa, lakini umesema kabla mkono wangu haujafika. Hilo nalo nimeliona, hata kwa macho haya."

Chizuru alilia, naye Bibi Towa akamwacha alie. Kisha akamwekea mapajani kile kitambaa chekundu, kamba ya kiatu ingali imefungwa. "Fungua hiyo uvae kiatu chako. Na kipimo cha shingo yake ukikariri leo. Mwaka ujao nitakuwa Osaka, mtu lazima ashone."

Kabla ya jioni watoto walilibeba lile jiwe la ukuta, wawili wawili wakipokezana, wakalirudisha mahali lilipotoka. Kohei aliliomba radhi kwa kulisema kwamba limenenepa. Ukungu ulikuwa umeondoka. Chizuru alibaki nyuma kidogo, akashuka hadi pale saruji inapoota ute, akasimama akisikiliza.

Maji yalikuja, yakarudi. Hakuna aliyegonga.